Mamluki

Januari 2024, siku Taifa Stars ilipocheza na Zambia kule San Pédro, nilikuwa nyumbani Ngara. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na kazi sina, nimebanwa kwenye benchi la nyuma la kibanda umiza kimoja pale mjini. Wanawake tulikuwa watatu, na mmoja alikuwa muuza karanga. Simon Msuva alikuwa ameshafunga mapema, Zambia walikuwa wamebaki kumi tangu kabla ya mapumziko, na sisi tulikuwa tukihesabu dakika kama abiria anayehesabu nauli ya mwisho. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Kibanda kikanyamaza, kisha kikaanza kutafuta wa kumlaumu, na lawama ya kibanda haina haja na ushahidi. Mtu wa mbele akasimama. "Hivi huyu Haji Mnoga yumo kikosini kwa lipi? Anacheza Aldershot! Daraja la tano! Tunaletewa mamluki wa Ulaya."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na ugomvi wangu na kibanda kile haujaisha mpaka leo.

Kwa asiyewahi kusimama pembeni ya uwanja wa vumbi: mamluki ni mchezaji asiye wenu. Timu ya kata inamwazima kata jirani, inampa jezi na jina la mtu mwingine, na mambo yanakwenda vizuri mpaka dakika ya sabini, pale mtoto mmoja anapopayuka kwamba huyo anamjua, ni fundi baiskeli wa kijiji cha pili. Hapo mpira unakwisha, ngumi zinaanza. Ni neno la dharau. Maana yake umekuja kula mahali usipolima.

Sasa tumwangalie huyo mamluki wa Ulaya. Mnoga alizaliwa Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, Aprili 2002. Alilelewa kwenye akademi ya klabu ya mji huo, akachezea England ya vijana chini ya miaka 17, na Oktoba 2018, akiwa na miaka 16, akaingizwa timu ya wakubwa. Ukisimuliwa mpaka hapo unaweza kudhani safari inaelekea Old Trafford. Ilielekea Bromley, kwa mkopo. Halafu Weymouth, kwa mkopo. Halafu Gillingham, kwa mkopo. Halafu Aldershot, kwa mkopo. Mwaka 2024 Portsmouth ikapanda kutoka daraja la tatu kwenda la pili. Yeye hakupanda nayo. Akahamia Salford City, daraja la nne.

Kwetu jembe likikopeshwa hurudi limeliwa makali, na aliyelikopa huwa na maneno juu yake: mpini ulikuwa mbovu tangu mwanzo. Ndivyo alivyo beki anayekopeshwa. Kila msimu anaingia chumba cha kubadilishia nguo ambamo wenzake wana mazoea yao, kocha ana beki wake wa kulia anayempenda, na mashabiki hawajui kutamka jina lake. Ana miezi michache ya kuonyesha kwamba anafaa. Mshambuliaji anaweza kulala dakika 80, akafunga moja, akabebwa. Beki anayefanya kazi sawasawa dakika 90 hakumbukwi na mtu. Anayekosea mara moja anaonekana kwenye marudio mpaka usiku. Na hapo tunazungumzia viwanja ambavyo mvua inapiga wachezaji na watazamaji sawia, mbele ya watu elfu mbili au tatu.

Kuna mwingine wa kabla yake, Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar. Yeye ni mshambuliaji, lakini njia ni ileile: alizunguka vilabu vya madaraja ya chini ya Uingereza kuliko wengi wetu tulivyozunguka mikoa, na AFCON ya 2019 alikwenda Misri na Taifa Stars akitokea Solihull Moors ya daraja la tano. Nchi nzima ilijifunza kutamka Aston Villa Januari 2020 Samatta alipotua pale. Solihull nani aliitamka?

Ninachokiheshimu katika maisha hayo ni makaratasi. Najua hilo halisisimui. Lakini fikiria: Uingereza ina vilabu 92 kwenye madaraja manne ya juu, chini yake daraja la tano lenye vilabu 24, na chini ya hapo madaraja mengine yanayoshuka mpaka kwenye viwanja vya vijiji. Mchezaji akiteleza ngazi moja anakutana na ngazi nyingine. Kila anapokwenda kuna fomu yenye jina lake, mkataba wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na takwimu ya mechi alizocheza. Chama chao cha wachezaji kilianzishwa 1907, mwaka ambao huku kwetu Wajerumani walikuwa wanamalizia kuzima Maji Maji. Ukitaka kujua Mnoga alikuwa wapi msimu wowote tangu akiwa mtoto, utajua. Hakuna anayeweza kusimama dakika ya sabini na kusema huyu simjui.

Mdogo wangu ni beki pia. Anacheza namba nne, mrefu, mkimya, mpira wa kichwa ndiyo kazi yake. Alicheza UMISSETA akiwa sekondari, na tangu amalize kidato cha nne amekuwa akihamahama kama Mnoga, ila katika wilaya mbili tu: Ngara na Biharamulo. Amechezea Rulenge. Amechezea Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi. Amedandia malori yanayotoka Rusumo akashuka Lusahunga, akachezea Nyakahura, akachezea Nyakanazi, akachezea timu za mjini Biharamulo kwenye ndondo za kugombea mbuzi. Malipo yake ni nauli ya kurudia, soda, na wakishinda, fungu la nyama ambalo mama hulipokea kwa heshima zote. Alipoumia goti msimu mmoja, matibabu yalikuwa maji ya moto na chumvi. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba alicheza. Nikitaka takwimu zake nampigia simu mama, naye anahesabu kwa mafungu ya nyama.

Mwaka 2025 Kagera Sugar iliposhuka daraja, mkoa ukabaki bila timu Ligi Kuu, na watu waliomboleza. Mimi nilishindwa kulia kwa uaminifu. Kaitaba iko Bukoba, na kwa kijana wa Ngara Bukoba ni karibu siku nzima ya basi. Ligi Kuu ilikuwa mbali naye kabla haijashuka.

Basi mdogo wangu akicheza ugenini, akizuia sana, mashabiki wa upande wa pili wana wimbo wao. Kwanza wanaimba "mamluki". Asipotetereka, wanabadilisha: "Mrundi! Mrundi!" Na wanaoimba wengine ni walewale wa kibanda umiza.

Hapa niseme kazi yangu. Nasoma shahada ya uzamili ya isimu Dar es Salaam, na tasnifu yangu ni juu ya Kihangaza, lugha ya nyumbani kwetu. Mwingereza mmoja, Malcolm Guthrie, alizipa lugha za Kibantu herufi na namba, na wanaisimu bado tunazitumia: Kirundi D62, Kishubi D64, Kihangaza D65, Kiha D66. Namba zimepangana kama nyumba za mtaa mmoja, kwa sababu ni mtaa mmoja. Bibi yangu akienda soko la upande wa pili wa mpaka hahitaji mkalimani. Anahitaji tu kujua bei. Anayesikia Kihangaza na kusema "hicho Kirundi" hajakosea sana kiisimu. Amekosea anapoligeuza sikio lake kuwa ofisi ya pasipoti.

Na huo mpaka nao una umri, tena mdogo. Mei 1919, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikubaliana kugawana yaliyokuwa ya Mjerumani: Rwanda na Urundi kwa Mbelgiji, Tanganyika kwa Mwingereza. Bugufi, nusu ya Ngara ya leo, ilikuwa imemtambua mwami wa Burundi. Ikaangukia upande wa Mwingereza na ikabaki huko. Babu yangu alikuwa mtu wa Bugufi. Hakuvuka mpaka. Mpaka ndio uliowapitia wazazi wake wakiwa shambani.

Sasa dirisha. Miaka miwili iliyopita timu moja ya mkoa mwingine, inayocheza ligi ya madaraja ya kati, ilimwona mdogo wangu kwenye ndondo, ikamtaka. Kumsajili walihitaji namba ya kitambulisho cha taifa. Akaenda dirishani kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, na cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule ya msingi, cheti cha kidato cha nne na barua ya mtendaji wa kijiji. Yule wa dirishani akavisoma vyote, akavirudisha.

"Babu yako alizaliwa wapi?"

"Bugufi."

"Bugufi ya wapi?"

Mdogo wangu alisema hakulielewa swali. Mimi nalielewa vizuri sana. Kabla ya 1919 halikuwa na maana yoyote, na baada ya hapo lina jibu moja. Akaambiwa alete uthibitisho wa babu. Babu alizaliwa wakati ambao kijijini kwetu aliyeandikwa popote ni aliyebatizwa, na babu alichelewa kubatizwa. Akaambiwa alete mzee anayemfahamu babu. Akampeleka mzee, kwa bodaboda, kilomita nyingi za vumbi, mzee amevaa koti lake la Pasaka. Wakamwuliza mzee na yeye kitambulisho chake kiko wapi. Kilikuwa nyumbani, juu ya dari. Njooni wiki ijayo. Wiki ijayo mhusika yuko semina. Dirisha la usajili la mpira likafungwa. Dirisha la ofisi liko wazi mpaka leo, kila Jumatatu hadi Ijumaa.

Na sasa jambo linalonifanya niandike haya kwa hasira badala ya kumalizia sura ya tatu ya tasnifu. Kitambulisho changu mimi ninacho. Nilikipata Dar es Salaam nikiwa mwanafunzi, kwa fomu ileile. Niliandika babu yuleyule. Niliandika Bugufi ileile, na dada wa dirishani akaniuliza kitu kimoja tu: inaandikwa kwa g au kwa k? Mimi na mdogo wangu ni tumbo moja. Kilichotutofautisha ni kwamba mimi niliombea uraia wangu kilomita zaidi ya elfu moja kutoka nyumbani, nikiwa nimesimama kwenye foleni ambayo hakuna anayesikia lafudhi yangu.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimelisikia tangu utotoni, na si jibu la kijinga. Ngara haijasahau Aprili 1994, wakati takriban watu robo milioni walipovuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi, na Benaco ikageuka jiji la maturubai. Walikuwamo watoto na wazee, na walikuwamo pia waliotoka kuua. Biharamulo haijasahau miaka ambayo mabasi yalivuka misitu yake yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi na silaha zilizozagaa ukanda mzima. Serikali inayouliza "wewe ni nani?" mahali kama hapo haina kosa. Hata mama yangu alikuwa akiuliza swali hilo mlangoni kabla ya kufungua.

Lakini swali lazima liwe na mwisho. Nilikuwa sijafikisha miaka kumi na mitano mwaka 2013, Rais alipotoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka kwa hiari na Operesheni Kimbunga ikafuata, katika Kagera, Kigoma na Geita. Nakumbuka majirani wakiingiza vyeti vya ubatizo kwenye mifuko ya plastiki na kulala navyo. Nakumbuka mwalimu mmoja, mtu mzima aliyetufundisha uraia darasani, akihojiwa uraia wake. Waliokuwa na hatia walikuwepo, sibishi. Ila kilichobaki baada ya Kimbunga ni mazoea: mtu wa Ngara ni mgeni mpaka athibitishe kinyume, na akithibitisha leo, kesho anaanza upya.

Linganisha na mambo yanavyokwenda mpira unapotaka yaende. Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa Singida Black Stars wamepewa uraia kwa tajnisi: Emmanuel Keyekeh kutoka Ghana, Josephat Bada kutoka Ivory Coast na Muhamed Camara kutoka Guinea. Nchi ikabishana, vijiwe vikachemka. Mimi sina ugomvi na wale watatu. Wametafuta maisha kama Mnoga alivyoyatafuta Weymouth, na mwenye miguu mizuri hana kosa kwenda inakolipwa. Sina ugomvi na makaratasi ya Mnoga pia. Amezaliwa Portsmouth, akaitwa na nchi ya asili yake tangu 2022, akaitika. Angeweza kusubiri daima simu ya England. Mtu anayeitika hivyo ni wetu, na anayemwita mamluki ajiangalie.

Ninachouliza ni hiki: kama mtoto wa Portsmouth tunaweza kumpokea kwa makofi, na kijana wa Ghana tunaweza kumpa uraia akiwa mchezaji, kwa nini kijana ambaye kitovu chake kimezikwa Ngara anaambiwa alete babu? Kwa yule tunatafuta njia. Kwa huyu tunatafuta kasoro. Na usiniambie wale wana kipaji. Uraia haukuwekwa kwa ajili ya wenye kipaji, na hata ungekuwa hivyo, kipaji cha beki wa Nyakahura utakipima vipi kama hajawahi kuandikwa kwenye fomu ya mechi?

Ninayoyataka si makubwa. Anayekataliwa dirishani apewe karatasi inayosema amekataliwa, kwa sababu gani, na nani, tarehe ngapi, ili awe na kitu cha kukatia rufaa; "njoo wiki ijayo" haikatiwi rufaa popote. Barua ya mtendaji na vyeti vya shule vikikubalika Kinondoni vikubalike Kabanga. Na vyama vya mpira vya wilaya viandike. Viandike tu! Daftari la shilingi elfu mbili, majina kumi na moja kila upande, tarehe, matokeo. Mpira wetu wa chini hauna kumbukumbu, ndiyo maana kila mchezaji mzuri tusiyemjua ni mamluki.

Wa kibanda umiza sitawaacha hivi hivi. Nyie mnajua majina ya wachezaji wa akiba wa Arsenal. Mnajua nani kaumia nyama za paja huko Manchester. Kijana aliyecheza mbele yenu Jumapili mbili mfululizo, jina lake hamlijui, ila mna uhakika babu yake alizaliwa wapi.

Yule mzee wa koti la Pasaka alifariki mwaka jana, kabla hatujampeleka mara ya pili. Kijijini kwetu hakuna mwingine wa rika la babu. Mdogo wangu sasa yuko Lusahunga, anabadilisha matairi ya malori yanayokwenda Kigali na Bujumbura. Anasema kazi ni nzuri kwa mapaja. Siku za mwisho wa wiki huwa tunaandikiana, na Jumamosi iliyopita ujumbe wake uliingia usiku.

"Dada, Salford wameshinda?"

Nikamjibu kuhusu Salford, nikamwuliza na yeye je, amecheza?

"Nimecheza Nyakahura. Dakika zote 90. Tumetoka bila kufungwa."

Nikaandika hongera. Akakaa kimya kidogo, kisha akaongeza: "Ila waliniandika kwa jina la mtu mwingine."